Kupe Jitu Mezani: Mwongozo Kamili wa Kumuunda na Kumwendesha

Kupe jitu na ruba jitu si wageni katika michezo ya kuigiza wahusika. Walikuwamo tayari katika orodha ya viumbe wa Dungeons & Dragons iliyochapishwa mwaka 1977, miaka mitatu tu baada ya mchezo huo kuanza kuuzwa. Hata hivyo, kwenye meza nyingi kupe jitu hupotezwa bure: hujitokeza nyasini, huuma, hukatwakatwa kwa raundi tatu, na mashujaa huendelea na safari wakiwa wamepungukiwa nukta chache za uhai ambazo usingizi wa usiku mmoja utazirejesha. Adui anayesahaulika upesi hivyo hakuwa na haja ya kuletwa.

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa mchezo, yaani yule anayewaeleza wachezaji ulimwengu unaowazunguka na kuwaigizia maadui wao. Ninauandika nikiwa na imani moja: nguvu ya kupe haimo katika kuuma kwake. Anaogopesha kwa sababu hungoja, kwa sababu aliyeumwa hajui kwamba ameumwa, na kwa sababu kumtoa ni kazi inayodai uamuzi mgumu. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya mambo hayo matatu. Namba nilizotumia zinakwenda na kanuni za toleo la tano, lile la mwaka 2014, ambalo sehemu yake ya msingi ilitolewa mwaka 2023 kwa leseni ya Creative Commons, hivyo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha mradi ataje chanzo.

Kabla ya hatua ya kwanza, waulize wachezaji wako, kila mmoja faraghani, kama wanaweza kuvumilia hadithi yenye damu na viumbe wanaojishikiza mwilini. Wapo wasioweza, na hawadaiwi maelezo yoyote. Akipatikana hata mmoja, chagua adui mwingine.

Hatua ya kwanza: Mjue kupe wa kweli kabla ya kumkuza

Msimamizi wa Nairobi ana bahati ambayo wenzake wa miji mingine mingi hawana. Mezani pake hakosi mtu ambaye babu yake ana ng'ombe, ambaye amewahi kuona mifugo ikipelekwa kwenye josho, na ambaye neno ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kwake si la kitabuni. Hata aliyezaliwa na kulelewa mtaani ameona, wakati wa ukame, wafugaji wakipitisha ng'ombe kandokando ya barabara za jiji kutafuta malisho. Wachezaji wa namna hii wanamfahamu kupe, na ukikosea tabia zake watagundua papo hapo.

Kupe haruki wala hapai. Hukwea jani la nyasi, akajishikilia kwa miguu ya nyuma na kunyoosha ile ya mbele, akangoja mnyama apite na kumgusa. Katika jozi ya kwanza ya miguu ana kiungo kinachohisi harufu, joto, na hewa ukaa itokayo puani mwa mnyama, na ndiyo maana watafiti wanaweza kumnasa kwa barafu kavu inayotoa hewa hiyo, au kwa kukokota kitambaa cheupe juu ya nyasi na kuhesabu walionasa. Akishampata mnyama, huchanja ngozi na kuingiza mrija wenye miiba iliyoelekea nyuma, na kupe wengi wenye gamba gumu hutoa pia ute unaoganda na kuwafunga pale ngozini. Mate yao huzuia damu kuganda na hupunguza maumivu. Jike huweza kunyonya kwa siku kadhaa mpaka uzito wake ukaongezeka mara mia moja hivi, kisha hudondoka mwenyewe, hutaga maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja, na kufa.

Soma aya hiyo mara mbili. Karibu kila kanuni nitakayopendekeza imetoka humo, na ukibuni zako mwenyewe zitoe humo pia.

Hatua ya pili: Chagua ndugu anayefaa hadithi yako

Kupe wa nyasini anafaa safari za mbugani. Kama mashujaa wako watalala ndani ya nyumba kuukuu, ghala au gereza, basi tumia papasi. Huyu hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda wa dakika chache hadi saa moja hivi, na kurudi ufani kabla mlalaji hajaamka. Tena anaweza kukaa miaka bila kula. Jengo lililoachwa tangu enzi za mfalme aliyetangulia, ambalo kuta zake bado zina wakazi wenye njaa, ni mahali pa kutisha kuliko kaburi lolote lenye mifupa inayotembea. Kwa mito na madimbwi, ruba anatosha.

Kanuni za mwaka 2014 zina pia mnyonya damu mdogo arukaye aitwaye stirge, na inafaa kumchunguza kwa sababu ameundwa kwa ustadi. Ana nukta 2 tu za uhai, kinga ya 14 (jumla ambayo mshambulizi lazima aifikie akirusha dadu ya pande 20 na kujumlisha nyongeza yake), na nyongeza ya 5 katika shambulio. Akipata, hujishikiza, na kila mwanzo wa zamu yake mwathiriwa hupoteza nukta zinazopatikana kwa kurusha dadu ya pande 4 na kujumlisha 3, mpaka atakapokuwa amenyonya nukta 10 na kujiachia mwenyewe. Mtu yeyote aliye karibu anaweza kumbandua kwa kutumia tendo lake la zamu hiyo. Hapo ndipo penye funzo: hasara kubwa ni lile tendo lililopotea, kwa maana anayembandua mdudu hapigi, haponyi, wala hakimbii. Kupe jitu wetu atachukua wazo hili na kulikaza.

Hatua ya tatu: Pima ukubwa kwa kufuata damu

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Kupe mwenye uzito wa kilo 2 akiwa na njaa, kama angeongezeka mara mia moja, angehitaji kuwamaliza mashujaa wote na punda wao kabla ya kushiba, jambo ambalo haliwezi kuchezwa. Kwa hiyo punguza ulafi. Ninapendekeza kupe mwenye ukubwa wa sahani akiwa na njaa, mwembamba kiasi cha kupenya chini ya mlango, na mwenye ukubwa wa mbuzi akishiba. Tofauti hiyo kati ya ubapa na uvimbe ndiyo itakayowashtua wachezaji, basi usimwanzishe akiwa mkubwa tayari.

Hatua ya nne: Andika namba zake

Mpe nukta 22 za uhai, nyongeza ya 4 katika shambulio, na ung'ato unaoleta madhara ya dadu moja ya pande 6 kujumlisha 2. Shambulio likipata, amejishikiza. Kuanzia hapo hashambulii tena, bali kila mwanzo wa zamu yake hunyonya nukta za dadu moja ya pande 6, na nukta hizo uziandike kama damu aliyonayo tumboni.

Kisha mpe hali tatu. Akiwa na njaa, yaani kabla ya kufikisha nukta 10 za damu, kinga yake ni 16 na mwendo wake ni futi 20, ardhini na ukutani. Akiwa nusu shibe, kati ya nukta 10 na 19, kinga inashuka hadi 14 na mwendo hadi futi 10. Akifikisha 20 ameshiba: kinga ni 11, mwendo ni futi 5, naye hujiachia na kutafuta pa kujificha. Shujaa mwenye nyongeza ya 5 atampata kupe mwenye njaa mara 10 katika kila mirusho 20, na atampata aliyeshiba mara 15. Maana yake ni kwamba kila raundi mwenzao anavyozidi kunyonywa, ndivyo inavyokuwa rahisi kumuua mnyonyaji. Wachezaji wakigundua hilo, watajikuta wakijadiliana kwa uchungu kama wamngoje kidogo, na mjadala huo una thamani kuliko pigo lolote la upanga.

Kwa wastani ung'ato utaondoa nukta tano na nusu, na kila mnyonyo tatu na nusu. Mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye nukta 8 anaweza kuanguka raundi moja tu baada ya kuumwa. Kwa kundi la mashujaa wanne wa ngazi ya kwanza, kupe mmoja anatosha. Wakifika ngazi ya pili au ya tatu, lete wawili. Watatu kwa pamoja dhidi ya ngazi ya pili ni mauaji, nami siyapendekezi.

Hatua ya tano: Panda dalili kabla ya kupanda kupe

Adui wa kuvizia ambaye hakutanguliwa na dalili ni dhuluma kwa wachezaji. Toa dalili tatu, kila moja katika tukio lake, na usizitafsiri. Mzoga wa swala uliokauka, usio na jeraha isipokuwa tundu moja nyuma ya sikio. Nyasi zilizopinda juu kwa uzito wakati hakuna upepo. Ndege wale wa midomo myekundu wanaokaa migongoni mwa vifaru na nyati wakila kupe, ambao leo wamejaa mitini na hawataki kushuka.

Mahali penyewe hapahitaji kutungwa kutoka mbali. Nyanda zinazoanzia kusini mwa Nairobi na kuelekea Athi, zenye nyasi ndefu, migunga na mto Mbagathi ukipita kwenye korongo lake, zinatosha kuwa himaya nzima ya hadithi ukibadilisha majina. Mapango ya Karura yanatosha kuwa makao ya papasi. Wakati wa kupanga majira, weka tukio baada ya mvua ndefu kuanza, kwa kuwa kupe wa sikio, yule wa kahawia anayewasumbua wafugaji wetu, huongezeka hasa msimu wa mvua. Mchezaji aliyekulia karibu na zizi ataanza kushuku mara tu utakapotaja unyevu, na shaka yake itawaambukiza wengine.

Ruhusu pia akili ya wachezaji ilipe. Akisema mmoja wao kwamba watakokota blanketi mbele yao kwa kamba ndefu, au watatanguliza mbuzi, mpe matunda ya wazo lake: kupe wote walio katika njia hiyo wanajitokeza bila kuuma. Anayepiga kambi kwenye pango lisilopitisha hewa, akiwa na wenzake sita na farasi wawili wanaopumua usiku kucha, amewaita kupe mwenyewe, nawe unayo haki ya kuwaleta.

Hatua ya sita: Mwendeshe kupe asiyehisiwa

Hii ndiyo hatua inayohitaji uangalifu kuliko zote, kwa sababu hapa kikulacho ki nguoni mwako, na wewe msimamizi ndiye pekee unayejua. Kupe anapomvamia shujaa asiyemwona, linganisha ufichaji wake na uwezo wa shujaa wa kutambua mambo bila kurusha dadu. Weka kipimo cha 14. Aliye na 14 au zaidi anahisi kitu kikitambaa, na mapambano yanaanza kwa kawaida. Aliye chini ya hapo hahisi lolote. Ung'ato wa siri hauleti yale madhara ya mwanzo, kwa kuwa mate yamefisha ngozi, lakini unyonyaji unaanza polepole: nukta za dadu moja ya pande 6 kwa kila saa, wala si kwa kila raundi.

Nukta hizo ziandike kwenye karatasi yako, usimwambie mwenyewe azipunguze. Atakapopigwa na adui mwingine, au atakapofanya jaribio lolote la nguvu, ndipo umweleze kwamba magoti yanalegea na kichwa kinazunguka, umtajie nukta alizobaki nazo, kisha unyamaze. Usiseme neno kupe. Waache wajiulize kama ni sumu, uchawi au chakula cha jana, mpaka mmoja aseme avue vazi la kinga ili wamkague. Kupe atakuwa pale vazi linapoishia: kisogoni, kwapani, nyuma ya goti. Kupe wa sikio naye huchagua masikio ya ng'ombe, mahali ambapo ulimi na mkia havifiki.

Haki inadai mipaka. Usitumie mbinu hii zaidi ya mara moja katika kikao kimoja, usimwache mtu apoteze zaidi ya nusu ya uhai wake bila fununu iliyo wazi, na mchezaji akisema kwamba mhusika wake anajikagua, basi ampate kupe bila kurusha dadu yoyote. Ukimnyima, utamfundisha kwamba uangalifu haufai kitu.

Hatua ya saba: Fanya kumtoa kuwe uamuzi

Madaktari hushauri kupe ang'olewe taratibu kwa koleo ndogo, ashikwe karibu kabisa na ngozi na kuvutwa sawasawa kwenda juu bila kupindwa. Kumchoma kwa moto au kumpaka mafuta hakushauriwi, kwa kuwa kunaweza kumfanya ateme mate zaidi ndani ya jeraha. Ushauri huo unatupatia njia tatu, na kila njia ina bei yake.

Njia ya kwanza ni kumng'oa kwa utaratibu. Mtu mmoja, ambaye si mwathiriwa, anatumia tendo lake kwa zamu mbili zinazofuatana bila kukatizwa. Hakuna dadu, hakuna madhara ya ziada, lakini katika muda huo kupe ananyonya karibu nukta 7, na mng'oaji amejiondoa katika mapambano.

Ya pili ni kumvuta kwa nguvu. Tendo moja na jaribio la nguvu la kipimo cha 13. Likifaulu, kupe anatoka ila mdomo wake unabaki: mwathiriwa hupoteza mara moja nukta za dadu ya pande 6, kisha nukta 1 kila raundi mpaka mtu amtibu kwa jaribio la uganga la kipimo cha 10. Likishindikana, kupe bado yupo. Mwenye nyongeza ya 2 hufaulu nusu ya mara, hivyo kihesabu njia hii ni mbaya kuliko ya kwanza, isipokuwa pale adui wa pili anapokaribia na zamu mbili hazipatikani. Ndiyo sababu inahitajika mezani.

Ya tatu ni moto. Tendo moja, hakuna jaribio, kupe anajiachia papo hapo, lakini mwathiriwa lazima ajaribu kujinusuru na ugonjwa kwa kipimo cha 11, akirusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo. Mwenye nyongeza ya 1 ya siha, ambaye kwa kawaida angesalimika mara 11 kati ya 20, sasa atasalimika takriban mara 6.

Anayeamua kumpiga kupe akiwa mwilini mwa mwenzake ana ruhusa, ila akikosa shabaha kwa 5 au zaidi, mwenzake anapata nusu ya madhara.

Hatua ya nane: Ugonjwa na dawa yake

Kupe wa sikio hueneza ndigana kali kwa ng'ombe: tezi zilizo karibu na masikio huvimba, homa hupanda, na pumzi huwa nzito mpaka mnyama akafa asipotibiwa. Binadamu haugui ndigana kali, kwa hiyo ugonjwa wa hadithi yako upe jina lake. Mimi huuita homa ya tezi. Vimelea vya ndigana huhitaji siku kadhaa za kupe kunyonya ndipo vikomae na kuingia kwa mnyama, na jambo hilo ligeuze kuwa kanuni: asiyechomewa kupe moto hafanyi jaribio la kujinusuru ila kupe awe amenyonya raundi tatu au zaidi, au saa tatu kwa yule wa siri. Anayeshindwa hupunguziwa kiwango chake cha juu cha uhai kwa dadu ya pande 6 kila alfajiri, na hupona akifaulu jaribio la kipimo cha 11 alfajiri mbili mfululizo.

Kuhusu tiba, msiishie kwenye chupa ya dawa ya kichawi. Huko Muguga, umbali mfupi nje ya Nairobi, kulitengenezwa chanjo ya ndigana kali ambayo hufanya kazi kwa namna ya ajabu: ng'ombe hupewa vimelea hai, na wakati huohuo hudungwa dawa ya muda mrefu inayozuia ugonjwa usimshinde, na hivyo mwili wake hujifunza kujilinda. Mweke mganga mwenye elimu hiyo katika kijiji kilicho siku mbili mbele. Atakubali kuwakinga mashujaa wote, kwa sharti kwamba wamletee kupe watatu walio hai. Safari ya kuwakamata, badala ya kuwaua, inabadilisha kabisa namna wachezaji wanavyomtazama mnyama huyu.

Hatua ya tisa: Vifaa vya mezani

Dadu ya pande 20 haipatikani katika kila duka jijini, ilhali dadu za ludo zipo kila mahali. Programu ya simu inatosha, na simu ikizima chaji, vizibo 20 vya soda vilivyoandikwa namba ndani ya mfuko usioonyesha hufanya kazi ileile, mradi kila kizibo kirudishwe mfukoni baada ya kuchomolewa. Kupe mwenyewe awe kizibo cheusi, na kila nukta ya damu anayoinyonya iwe ushanga mwekundu unaowekwa juu yake, wachezaji wakiona. Kwa kupe wa siri, shanga ziweke nyuma ya kizuizi chako na uzidondoshe moja moja kwenye kikombe cha bati. Watausikia mlio, watauliza ni nini, nawe huna wajibu wa kujibu.

Hatua ya kumi: Aliyeponyoka

Kupe aliyeshiba akakimbia bila kuuawa, andika tarehe ya tukio katika kalenda ya hadithi. Majuma manne baadaye mayai yake yataanguliwa pale alipojificha. Watoto wana miguu sita badala ya minane, kila mmoja ni mdogo kama ukucha, nao hungoja kwa makundi kwenye nyasi. Waendeshe kama kiumbe kimoja chenye nukta 27 za uhai na kinga ya 12, kinachoweza kuingia katika mraba wa ramani anaposimama mtu, kinachopata nusu tu ya madhara ya silaha zinazochoma au kukata, na kinachoungua maradufu kwa moto. Hakijishikizi; kila zamu hunyonya nukta za dadu mbili za pande 4 kwa kila aliye ndani ya mraba huo. Kabla ya kukileta, mfanye mchungaji mmoja awaeleze mashujaa, katika kikao kilichotangulia, kwamba mbuzi zake zimekataa kupita njia ileile ambayo mashujaa waliipita mwezi uliopita.